Papai Bichi, Mishkaki na Jagi la Ukwaju

Iddi ya mwaka juzi niliharibu mishkaki ya wageni. Nilishasikia kwamba papai bichi linalainisha nyama, nami nikajiambia kama kijiko kimoja kinasaidia, nusu papai je? Nikalikuna lote, nikachanganya na kilo mbili za steki, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nachukua kipande nikitunge kwenye kijiti, kinamomonyoka vidoleni kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wifi yangu akachungulia bakuli, akanyamaza kidogo, kisha: "Wifi, hapa tukaange kababu tu." Tukakaanga kababu.

Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini. Kazi yake ni kuvunjavunja protini za nyama, na kinaendelea na kazi hiyo wewe ukiwa umelala. Siku hizi kilo moja ya steki naitia kijiko kimoja cha chakula cha papai nililolikuna na ganda lake, kwa saa moja, zikizidi sana mbili. Papai lililoiva halina nguvu hiyo. Nanasi bichi la kumenya linalainisha pia, ila la kopo usihangaike nalo, maana limeshapikwa na kimeng'enya chake kimekufa.

Buchani sema steki, usikubali kufungiwa mchanganyiko, halafu omba na kipande cha mafuta. Nyama naikata vipande vya nusu kiberiti, na kila baada ya vipande vitatu natunga kidonge cha mafuta. Hayo mafuta ndiyo yanayoilowesha nyama ikiwa motoni. Wanaoyatupa kwa kuogopa unene, mishkaki yao huwa inatafunwa kama kamba ya katani.

Viungo? Vichache kuliko unavyodhani. Kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga kwenye kinu, ndimu moja, pilipili manga, bizari nyembamba niliyoikaanga kavu mpaka ikanukia ndipo nikaisaga, na chumvi. Masala ya pakiti mengi yana chumvi tayari, kwa hiyo soma pakiti kabla hujatia ya kwako.

Vijiti viloweke kwenye maji nusu saa visije vikaungua. Mkaa nao uache ushike wote, uvae majivu meupe juu, ndipo uweke nyama. Mimi zamani nilikuwa naweka wakati bado unatoa moshi, mishkaki inatoka nyeusi nje na mbichi ndani, halafu nalaumu bucha. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza vijiti pembeni. Ukimwagia maji, majivu yote yanaruka kwenye nyama.

Huna jiko la mkaa, tumia kikaango kizito. Kipate moto hasa, kisha kaanga vipande vichache kwa zamu. Ukikijaza, nyama inatoa maji na unabaki unachemsha badala ya kukaanga. Hata nyama ya mchuzi naianza hivyo hivyo: ishike rangi ya kahawia kwanza, vitunguu na nyanya baadaye. Ladha ya mchuzi inaanzia kwenye ile rangi iliyoganda chini ya sufuria, basi usiisugue ukaimwaga. Tia maji kidogo, kwangua na mwiko, iingie kwenye mchuzi.

Cha kunywa ni ukwaju. Robo kilo, loweka kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha nawa mikono uuvuruge mpaka kokwa zibaki tupu. Chuja. Blenda iache kabatini: inasaga kokwa, na juisi inakuwa na uchungu na chengachenga zinazobaki kwenye meno. Ongeza lita nyingine ya maji baridi. Sukari iyeyushe pembeni kwa maji ya moto, uimimine kidogo kidogo huku ukionja, kwa sababu ukwaju haufanani ukali. Hiliki mbili tatu za kusaga, na chumvi ya kushika kwa ncha ya vidole viwili. Hiyo chumvi nilibishana nayo miaka mingi, sasa siachi kuitia.

Barafu weka kwenye glasi, si kwenye jagi. Ukiweka kwenye jagi, mgeni wa tatu anakunywa maji yenye rangi.