Vilima vya Wales si vya kudharau

Ukitoka nchi yenye Kilimanjaro, mita 886 hazikutishi. Hivyo ndivyo wanavyoniambia ndugu na marafiki wanaokuja kunitembelea hapa Cardiff nikiwatajia Pen y Fan, mlima mrefu kuliko yote kusini mwa Wales. Hata Yr Wyddfa, ule ambao wengi bado wanauita Snowdon na ndio unaoongoza Wales nzima, una mita 1,085 tu. Arusha mjini pako juu kuliko kilele chake. Basi watu hufika na raba za mjini, jinzi na simu yenye chaji nusu, halafu wanashangaa mbona kila tunayepishana naye njiani kavaa kama anakwenda vitani.

Kinachowatesa watu huku ni maji na upepo. Crib Goch, ukingo mwembamba wa miamba jirani na Yr Wyddfa, hupata mvua ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, mara tatu na ushei ya ile ya Dar es Salaam. Na haishuki wima kama ya masika. Inakuja ubavuni, inaingia kwenye mikono ya koti na kukufuata hadi shingoni. Unaweza kuondoka mjini jua linawaka, ukafika juu ukungu umefunga kiasi kwamba mwenzako aliye hatua ishirini mbele humwoni. Usiku wa kuamkia safari soma utabiri wa milimani, maana ule wa mjini hautakusaidia.

Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na upepo ukiipiga miguu inakufa ganzi. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka, fulana, sweta, na juu yake koti la mvua lenye kofia. Buti zivae kwanza mtaani wiki kadhaa kabla hujazipeleka mlimani. Soksi za akiba zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Chakula kila mtu na wake: mimi huchukua chapati nilizoviringishia mayai ya kukaanga, kashata mfukoni, na thamosi ya chai ya tangawizi. Wenyeji hutazama zile chapati kwa macho ya kuomba, na sijawahi kumnyima mtu.

Kwa anayeanza, Pen y Fan ndiyo shule nzuri. Basi la T4 kutoka Cardiff linakushusha Storey Arms, kituo cha barabarani chini ya mlima, na njia inaanzia hapo hapo. Ukipenda, anzia Pont ar Daf, kusini kidogo ya hapo. Njia imetandikwa mawe, pana, huwezi kuipotea hali ya hewa ikiwa nzuri. Wikendi ya kiangazi utakuta foleni kileleni ya watu wanaosubiri kupiga picha na kibao chenye jina la mlima. Sipangi foleni ile. Nenda Corn Du, kilele cha jirani chenye mita 873, tafuta upande usio na upepo, kaa ule chapati yako. Vilele vyote viwili vina juu tambarare kama meza, lakini upande wa kaskazini ardhi inakatika ghafla. Ukungu ukitanda, kaa mbali na ukingo huo.

Kutoka Corn Du, ukifuata mgongo wa mlima kuelekea kaskazini-magharibi, utaliona ziwa dogo la Llyn Cwm Llwch chini yako, na kando ya njia kuna mnara mfupi wa jiwe. Ni wa Tommy Jones, mtoto wa miaka mitano aliyepotea huko Agosti 1900 akirudi kwa baba yake jioni. Walimtafuta mabondeni na kandokando ya mito, kwa sababu hakuna aliyedhani mtoto mdogo angepanda juu kiasi kile. Mwili wake ulipatikana baada ya siku 29. Wageni wangu wakishasimama pale, habari za raba na jinzi huwa hatuzibishanii tena.

Kuhusu njia zenyewe. Nyingi zinakatiza mashamba ya watu, na una haki kisheria kupita, usiogope kufungua geti. Liache ulivyolikuta: kama lilifungwa lifunge, kama liliachwa wazi liache. Penye ukuta wa mawe usio na geti utakuta vidaraja vya mbao vya kuvukia. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu tu. Wa bluu, farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Kondoo hawana neno. Ng'ombe mwenye ndama ndiye wa kuangalia: mzungukie kwa mbali, hasa kama una mbwa. Ukipita kwenye magugu marefu wakati wa joto, jikague kupe jioni, maana wa huku wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme.

Simu ina ramani, sawa, lakini baridi inakula betri na mtandao unakatika mabondeni. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000: OL12 kwa Pen y Fan, OL17 kwa Yr Wyddfa. Desemba jua linazama saa kumi jioni, kwa hiyo beba tochi ya kichwani hata kama unaondoka asubuhi. Ukipatwa na shida piga 999, omba polisi, halafu waambie unataka uokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawakutozi hata senti. Mtandao ukikosekana, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Yr Wyddfa uuache mpaka umezoea. Njia ya Llanberis ni ndefu, kama kilomita 14 kwenda na kurudi, lakini haina ukali. Inakwenda sambamba na reli iliyoanza mwaka 1896. Majira ya baridi usiidharau, kwani sehemu ya juu barafu huganda kwenye mteremko na watu wamekufa pale. Ukipita njia ya Pyg, kuwa macho mnapofika Bwlch y Moch: njia inagawanyika, na wanaofuata walio mbele bila kuuliza hujikuta Crib Goch, wakitambaa kwa mikono na magoti. Maegesho ya Pen-y-Pass, inakoanzia njia ya Pyg, msimu wa watu wengi huwekwa nafasi mapema, la sivyo panda mabasi ya Sherpa yanayozunguka mlima. Mimi hupenda njia ya Rhyd Ddu, kwa sababu ya utulivu wake.

Mtu wa pwani huenda akafurahia zaidi njia ya ufukweni. Inazunguka pwani yote ya Wales, kilomita 1,400, na ilifunguliwa 2012. Kipande cha Pembrokeshire pekee ni kilomita 299. Pwani hapa haimaanishi tambarare: kila ghuba unashuka, kila rasi unapanda, na magoti yatakwambia.

Mahali ninapopeleka wageni kutoka Tanga na Unguja ni Rhossili, rasi ya Gower, kuona Worm's Head. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya miamba hadi kisiwani. Hapo ndipo wazoefu wa bahari hujiamini kupita kiasi, kwa kuwa bamvua wanayoijua hupanda mita nne hivi. Gower iko kwenye Mlango-bahari wa Bristol, na kule ndani karibu na mto Severn maji hupanda hadi mita 14, tofauti ambayo duniani haina wenzake wengi. Hapa Rhossili nako maji yanarudi kwa kasi, na yanapita katikati ya miamba yakiwa na mkondo. Za kuvuka una kama saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili na nusu baada yake. Soma saa salama za siku hiyo kabla hujashuka, na uhesabu muda wa kurudi, kwa sababu ile miamba inateleza na haikimbiliki. Ukichelewa na maji yakakufungia kisiwani, usijaribu kuogelea wala kupita majini hata kama yanaonekana ya magotini. Panda juu kwenye nyasi, piga 999 uombe walinzi wa pwani, na usubiri maji yapwe tena.