Karafuu yangu, kwa nini nisimuuzie nimtakaye?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mkulima wa karafuu, Wete, Pemba. Kijana wangu aliye chuoni ananiambia kuna falsafa ya siasa iitwayo ulibertaria, na kwamba kwa falsafa hiyo serikali haina haki ya kunilazimisha niiuzie ZSTC, shirika lake la biashara, peke yake. Ni kweli? Na shamba lenyewe ni katika zile eka tatu alizopewa marehemu baba. Hilo linabadilisha kitu?

JIBU: Waalaykumu salaam mzee wangu. Kuhusu biashara, kijana amesema kweli. Swali lako la pili ndilo zito, na ndilo nitakalolikalia.

Ulibertaria unaanzia kwa mtu mwenyewe: mwili wako ni wako, jasho lako ni lako, na ulichokipata kwa haki hakuna wa kukupangia maadamu humdhuru mwengine. Serikali ilinde watu na wizi, mabavu na udanganyifu, isimamie mikataba, basi. Hivyo ndivyo alivyoujenga mwanafalsafa Robert Nozick wa Marekani katika kitabu chake cha 1974. Mchumi Murray Rothbard, naye wa Marekani, alikwenda mbali zaidi, akataka hata polisi na mahakama ziendeshwe na watu binafsi. Chama chao cha siasa kiliundwa Marekani 1971. Urais hakijawahi kuushika.

Sasa tazama karafuu yako. Umepalilia, umewalipa wachumaji, watu wa nyumbani wamekaa usiku wakichambua makonyo, umeanika kwenye majamvi huku unachungulia mawingu. Kisha mnunuzi aliyeruhusiwa ni mmoja, na ukiivusha kwenda Mombasa inaitwa magendo. Mlibertaria atasema hapo umepunguziwa umiliki, hata bei ikiwa nzuri. Jambo hili lina umri mrefu. Wakoloni waliunda chama cha wakulima wa karafuu, na walipokiongezea mamlaka juu ya biashara hiyo 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waliisusia karafuu ya Zanzibar mpaka yakapatikana mapatano 1938. Indonesia nako, katika miaka ya 1990, biashara ya karafuu iliwekwa mikononi mwa bodi moja chini ya Tommy Suharto, mtoto wa rais. Wakulima waliumia, na bodi ikavunjwa 1998. Kwa upande huu naiona hoja ya walibertaria kuwa na nguvu kweli.

Lakini kwa Nozick haitoshi kuuliza nani anakuzuia kuuza. Lazima kwanza uulize mali ilipatikanaje, na ilipita mikono ya nani. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17 ambaye walibertaria wengi wanamfuata, alisema kitu kisicho na mwenyewe huwa chako ukikichanganya na kazi yako. Mashamba makubwa ya karafuu yalifanyiwa kazi na nani? Na watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikatwaliwa na serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Leo, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma na wewe una haki ya kuitumia.

Basi aliyedhulumiwa ni nani: aliyenyang'anywa shamba 1964, au wajukuu wa waliolilima bila ujira? Anayeipinga ZSTC kwa hoja kwamba inatumia mabavu hawezi kuliruka swali hilo. Nozick mwenyewe aliweka kanuni ya kurekebisha dhuluma za zamani, akaiacha bila kuikamilisha, na akakiri kwamba dhuluma ikiwa kubwa mno huenda serikali pana zaidi ikahitajika kwa muda ili kuirekebisha. Vijana wengi wanaomnukuu hawafiki ukurasa huo.

Kwa maoni yangu, madai yako juu ya zao ni madhubuti kuliko madai yako juu ya ardhi. Mila yetu visiwani tangu zamani inakubali mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwengine. Mikarafuu aliyoipanda marehemu baba ni jasho lake, na karafuu unayoichuma ni jasho lako.

Sheria iliyopo inakubana mpaka ibadilishwe, na pa kuibadilisha ni Baraza la Wawakilishi. Msimpakize mtu gunia usiku kwa jina la Nozick. Mwambie pia kijana kwamba mlibertaria wa kweli, akishafungua soko, ataiondoa na miche ya bure inayotolewa na serikali. Mkae muamue kama mnaukubali na upande huo.