Barua kwa mwanangu: waonje kwanza, vina baadaye

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza uwafanyeje watoto wako wa darasa la nne, maana kila ukiwaambia watunge shairi la tunda wanakuletea "chungwa ni tamu, nalipenda sana", kisha wanakaa wakitafuta neno jingine la kuishia na "-na". Naona unaanzia mwisho, mama. Unawadai vina na mizani wakati bado hawana la kusema.

Ingia darasani na machungwa matatu tu. Mimi mara ya kwanza nilibeba beseni zima. Wakala, wakashiba, wakasinzia, na mstari hata mmoja sikuuona. Tunda lisiliwe mapema. Wafumbe macho, lipite mkono kwa mkono, waseme ngozi yake inafanana na ya nani. Kisha walikwaruze kwa ukucha, wasikie harufu. Na hapo lugha yenyewe inakusaidia, kwa sababu sisi harufu tunaisikia, kama tunavyosikia sauti, baridi na njaa. Basi waulize: harufu hii ingekuwa sauti, ingekuwa ya ngoma au ya filimbi? Mtu mzima atakuona umechanganyikiwa. Mtoto atakujibu hapo hapo, na mwenzake atambishia.

Wakifika kwenye kuonja, waonje mara mbili. Kwanza wabane pua: watapata utamu na uchachu, basi. Wakiachia pua ndipo uchungwa wenyewe unapoingia, kwani sehemu kubwa ya ladha huipata pua, si ulimi. Wape kalamu wakati huo huo, kabla mshangao haujapoa.

Neno "tamu" lipige marufuku, pamoja na "nzuri". Watanung'unika. Dakika mbili baadaye wataanza kuchimbua maneno ambayo hukujua wanayo: kali, chachu, kakasi. Nilipowapa wangu kipande cha limau, mmoja alisema meno yamekufa ganzi, mwingine akasema limau limemkasirikia.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni binti mmoja aliyekunja ganda la chungwa karibu na uso, mafuta ya ganda yakamrukia. Akapiga kelele, "Chungwa limenitemea!" Nikamwambia arudie polepole, darasa zima tuhesabu kwa vidole: chu-ngwa-li-me-ni-te-me-a. Nane! Kipande kizima cha mshororo, na yeye alikuwa analalamika tu. Nikauliza, limekutemea nini? Wakabishana mpaka wakapata "mate mpaka machoni". Kuna aliyehesabu saba, nikamwonyesha kwamba ile "m" ya "mpaka" inasimama peke yake na ina mizani yake. Tukaandika ubaoni:

Chungwa limenitemea, mate mpaka machoni

Mizani 16. Kina cha kati "-a", cha mwisho "-ni", na mishororo mitatu iliyobaki wakaidai wenyewe. Sikumbuki kama nilifundisha kingine chochote siku ile. Tarbia, yaani shairi lenye mishororo minne kila ubeti, waliielewa kwa sababu walikuwa na jambo la kutia ndani yake.

Sauti usiiache. Ganda likichanika, maji yakidondoka mezani, waitafutie kila sauti tanakali yake, hata ya kubuni. Wavulana wanaojifanya hawapendi ushairi ndio watakaokuwa wa kwanza.

Jambo moja la lazima: kabla ya siku hiyo waulize wazazi kuhusu mzio, na karanga usizilete kabisa. Asiyetaka kuonja asilazimishwe. Anusie tu, au ashike. Na yule uliyeniambia hashiki kalamu, mwache aseme, wewe umwandikie, kisha umsomee maneno yake mbele ya wenzake.

Beba na kitambaa kibichi cha kufutia mikono. Mimi nilisahau, na jioni nilipokaa kusahihisha, madaftari yalikuwa yamegandana, nikawa nayabandua moja moja kama maganda.

Nitumie beti zao.

Baba yako