Usiupe ukurasa wa HTML kache ya mwaka mzima

Mkuu, acha kabisa. Unataka kuweka Cache-Control: max-age=31536000 kwenye seva nzima ili tovuti iwe nyepesi. Hiyo ni heda, yaani agizo linaloambatana na jibu la seva, na inakiambia kivinjari kitumie nakala kilizohifadhi (kache) kwa sekunde hizo, mwaka mzima, bila kuiuliza seva. Hilo nililifanya mimi, na bado linaniuma.

Tovuti ya mteja ilikuwa na fomu ya maombi. Nikaweka heda hiyo kwenye kila kitu, HTML ikiwemo. Baadaye nikabadilisha fomu: iliyokuwa inatuma kwenda /tuma sasa ikatuma /maombi, na ile njia ya zamani nikaifuta. Nikajaribu kwenye dirisha la faragha, ambalo halina nakala za zamani, ikakubali. Mteja akapiga simu: watu wanabonyeza, hakiendi kitu. Nikamwambia kwangu iko sawa. Siku tatu namjibu hivyo! Nilipofungua logi, kumbukumbu za seva, nikakuta POST /tuma 404, POST /tuma 404, yaani fomu zinatumwa kwenye njia isiyokuwepo, na juu yake hakuna GET (ombi la kuletewa ukurasa) hata moja ya ukurasa wenyewe. Vivinjari vyao vilikuwa na ukurasa wa zamani, na mimi ndiye niliyeviambia visiulize chochote kwa siku 365. Sasa nirekebishe nini kwenye seva isiyoulizwa? Waliopakia ukurasa upya walipona, lakini wangapi wanajua kufanya hivyo? Ikabidi niirudishe /tuma. Maombi ya siku tatu yalishapotea, na yale ni maombi ya watu.

Aliyeniponza ni mwandishi wa somo moja la mtandaoni, aliyehimiza mwaka mmoja kila mahali ili alama za kasi zipande. Hakutaja popote kwamba hiyo ni kwa faili ambazo jina hubadilika kila yaliyomo yakibadilika, kama app.4f9c2e.js. Mstari mmoja tu ungeniokoa!

Anwani ya HTML haibadiliki, kwa hiyo ipe Cache-Control: no-cache. Usidanganywe na jina: haikatazi kuhifadhi, inayokataza ni no-store. Hii inakitaka kivinjari kiulize kwanza kabla ya kutumia nakala yake, na kama hakuna kipya seva hujibu 304 (haijabadilika) bila kutuma ukurasa tena. Mwaka mzima wape akina app.4f9c2e.js.

Kama umeshaiweka, endesha curl -I, amri inayoonyesha heda, kwenye ukurasa wa mwanzo sasa hivi. Ukiona ile namba, itoe kabla hujalala, na njia za zamani usifute hata moja. Kila mgeni anayeingia usiku huu anaondoka na nakala usiyoweza tena kuifikia.