Kifuko kilichojificha ndani ya bajeti

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kiingereza kina 'kitchenette', 'cigarette' na 'booklet'. Huo mwisho wa maneno una maana gani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Ni udogo: jiko dogo, sigara ndogo, kitabu kidogo. Kiambishi hiki Waingereza walikipata kwa Wafaransa, ambao hutumia -et kwa nomino za kiume na -ette kwa za kike. Hiyo -let ya 'booklet' ni viambishi viwili vya udogo vilivyoshikana, -el na -et.

Swali: Je, kimo pia katika maneno tuliyoyakopa sisi?

Jibu: Kimo, na hapa ndipo napenda kukaa. Kaseti asili yake ni kisanduku. Roketi ilianzia Italia, kwenye jina la kijiti cha kusokotea uzi, kwa sababu fataki za zamani zilifanana nacho. Lakini linalonifurahisha zaidi ni bajeti. Kwa Wafaransa wa kale 'bougette' ilikuwa kifuko cha ngozi. Uingereza, waziri alipoeleza mipango ya fedha ilisemwa kwamba anafungua kifuko. Usemi huo ulikuwepo tayari mwaka 1733. Kwa hiyo kila Juni, Bunge letu linapojadili matrilioni, jina linalotajwa ni la kifuko. Kwetu pia yapo: nani akishika kijiko anakumbuka kwamba ni mwiko mdogo?

Swali: Basi kila neno linaloishia na -eti ni la udogo?

Jibu: Hapana. Intaneti imebeba neno la Kiingereza la wavu. Chunguza asili kwanza.

Swali: Kwa nini 'suffragette' ni mwanamke, wala si kitu kidogo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Waingereza waliizoea -ette kuwa alama ya kike. Ila hapa udogo nao ulikusudiwa. Waliodai wanawake wapewe haki ya kupiga kura waliitwa 'suffragists', wanaume kwa wanawake. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail likawabandika wanawake wenye msimamo mkali jina la 'suffragettes' ili kuwadharau. Ki- yetu hufanya vivyo hivyo: anayekuita kijitu hapimi urefu wako. Nawaheshimu sana wanawake wale, kwani hawakulikana jina. Walilichukua likawa lao, na mwaka 1912 wakaanzisha gazeti wakaliita The Suffragette.