Jibu: "Cowboy up" wanamaanisha nini hasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini Mmarekani humwambia mwenzake "cowboy up" (cowboy, yaani kauboi, ni mchunga ng'ombe) wakati hapo hakuna hata ndama. Kwa kifupi ni kaza buti, piga moyo konde.

Msemo wenyewe unanukia rodeo, yale mashindano ya Kimarekani ya kupanda farasi na mafahali wakali. Mpanda fahali anatakiwa akae mgongoni sekunde 8, mkono mmoja tu umeshika kamba. Ule mwingine ukimgusa mnyama, hapati alama. Akibwagwa anajikung'uta vumbi, anaokota kofia, anatoka akichechemea kimyakimya. Maumivu yapo, ila hayatangazwi. Mwaka 2003 wachezaji wa besiboli wa Boston Red Sox waliufanya kaulimbiu yao, ukazagaa hadi kwa watu ambao hawajawahi kushika mkia wa ng'ombe.

Ila kauboi halisi si yule wa sinema. Miaka ya 1870 alikuwa kibarua tu, anaswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli za Kansas, miezi mizima juu ya tandiko, na si wachache walikuwa watu weusi na Wameksiko.

Halafu angalia unamwambia nani. Kwa aliyefiwa, hilo ni tusi.