Muulize Mwalimu: Mvua ya Aswan inakuja kwa miguu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kwanza amepata nafasi ya kusoma Aswan, kusini mwa Misri, anaondoka mwezi wa tisa. Jirani yetu mmoja, dereva wa malori, ameniambia huko mvua hainyeshi kabisa na jua lake halina mchezo. Sisi hapa Uyole mwezi wa sita tunalala na blanketi mbili. Watu wanaishije mji usio na mvua? Maji si yatawaishia? Na nimfungashie nini? – Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa kijana. Jirani yako hajakudanganya. Mvua ya Aswan kwa mwaka mzima ni wastani wa kama milimita 1. Tukuyu, hapo ng'ambo ya milima ya Uporoto, hupata zaidi ya 2,000.

Ila hilo la maji kuwaishia lisikunyime usingizi. Mwaka 1984 nilihamishiwa shule moja huko Pawaga. Nilitoka Iringa mjini asubuhi nimevaa koti, nikalivua kabla hatujamaliza kushuka mteremko. Kufika nikakuta vumbi, mibuyu, joto la kubandua ngozi, na katikati yake mashamba ya mpunga yamesimama ndani ya maji. Nikawauliza wanafunzi maji hayo yametoka wapi na mbingu nyeupe vile. Kijana mmoja wa darasa la sita akanijibu, "Mwalimu, mvua yetu inakuja kwa miguu." Alimaanisha Ruaha Mdogo, unaoshuka kutoka Mufindi. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na sijapata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi ya hapo.

Aswan ni Pawaga iliyokuzwa. Mvua yake inakuja kwa miguu kutoka mbali mno. Sisi Watanzania tunapenda kujisifu kwamba Nile ni yetu kwa sababu ya Ziwa Victoria, lakini maji mengi ya ziwa letu hupotelea njiani, kwenye mabwawa na matete ya Sudan Kusini. Sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan, zaidi ya asilimia 80, imenyesha kwenye milima ya Ethiopia kati ya mwezi wa sita na wa tisa, ikateremka kwa Nile ya Buluu na mito ya Atbara na Sobat. Zamani mafuriko hayo yalifika mara moja kwa mwaka na kupita. Kwenye kisiwa cha Elephantine, katikati ya mji, bado zipo ngazi za mawe zenye alama za kupimia kina cha mto. Mafuriko yakipanda vizuri, serikali ilijua mavuno yatakuwa mazuri, na kodi nayo ikapanda.

Siku hizi maji yanawekwa akiba. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kuanzia 1960 hadi 1970, kimo chake mita 111, na ziwa lililotokea nyuma yake lina urefu wa kama kilomita 500 na linaingia mpaka Sudan. Mwaka mmoja mbaya Ethiopia hauwezi kuukausha mji. Waliolipa gharama ni Wanubi, ambao vijiji vyao vilizama. Wa upande wa Misri walihamishiwa Kom Ombo mwaka 1963 na 1964, mbali na mto wao. Kijana akipata rafiki Mnubi, asilisifie sana lile bwawa mbele ya wazee wa nyumba hiyo.

Sasa jua. Mwezi wa sita na wa saba joto la mchana hufika nyuzi 41 au 42 kama jambo la kawaida. Hewa ni kavu mno, na hapo ndipo watu wa nyanda za juu tunapoponzwa: jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho, kumbe mwili unaishiwa maji. Anywe kabla ya kusikia kiu. Shughuli za nje ni alfajiri na usiku. Saa nane mchana ni ya kulala.

Mvua, ikitokea, ndiyo balaa. Novemba 2021 ilipiga mvua ya mawe na upepo, nge wakafukuzwa kwenye mashimo yao na mamia ya watu wakaumwa. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa.

Mfungashie kofia pana, mafuta ya mgando ya kutosha (midomo itapasuka), na nguo za pamba za mikono mirefu. Na lile sweta la Uyole lisibaki. Januari usiku hushuka hadi nyuzi 9 hivi, na jangwa halina mawingu ya kuzuia joto la mchana lisiondoke. Choya usimbebeshe, ataikuta huko, wanaiita karkade, na Aswan ndiyo sifa yake.

SWALI: Mwalimu, ni kweli Aga Khan amezikwa Aswan? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Ni kweli, ila taja yupi, maana Aga Khan ni cheo cha kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, na waliozikwa huko ni wawili: wa 4 alizikwa Februari 2025. Aliyetangulia ni wa 3, Sultan Mohamed Shah, aliyependa kwenda huko majira ya baridi kwa afya yake. Alifariki 1957 Uswisi, na mwaka 1959 akazikwa kwenye kilima ukingo wa magharibi wa Nile. Mjane wake alikuwa akiweka waridi moja jekundu kaburini kila siku, na inasimuliwa kwamba akisafiri, mtunza bustani ndiye aliyepanda nalo kilimani. Waridi, kwenye milimita 1 ya mvua.